Chini ya Daraja la Chuma

Harufu ya chuma kilichochomwa na jua kisha kikanyeshewa ghafla hunirudisha Igalula, kwenye daraja la reli lililovuka mto wetu. Nyinyi mliokulia Tabora mjini mngelicheka, maana halikuwa refu. Kwetu lilikuwa ajabu, na Bibi, mama yake baba, hakulipenda hata kidogo.

Alisimulia kwamba kabla Wadachi hawajaleta vyuma vyao, misafara ya pwani ilivuka pale pale kwa miguu. Mke wa mpagazi alimsindikiza mumewe hadi majini, akamnyunyizia unga wa mtama uliokorogwa na maji. Siku ya kurudi alimnawisha miguu hapo hapo, kabla hajakanyaga uwanja wa nyumbani. Babu aliondoka hivyo, pembe ya ndovu begani, baba akiwa bado ananyonya. Daraja likajengwa, misafara ikakoma, watu wakawa wanapita juu wamekaa. Babu hakurudi. Bibi hakukosa misa hata Jumapili moja, lakini kosa lote alilitwika daraja: mtu atajuaje amefika kwao kama miguu haijalowa?

Kwa hiyo baba alipopanda treni kwenda Tanga kukata mkonge, akaondoka na miguu mikavu, Bibi alikosa raha. Alihofia kwamba huyu naye amekwenda moja kwa moja.

Siku aliyorudi, mama nami tulimpokea stesheni. Alikuwa amekonda, kavaa viatu, nami nilimwonea haya kama mgeni. Akauliza mama yake yuko wapi. Tulipomwambia yuko mtoni, hakucheka. Alikwenda hadi chini ya daraja, akavua viatu, akaingia majini, akaamkia.

Bibi aliitikia, akamnawisha miguu taratibu, akiisugua kama ya mtoto mchanga. Kisha akaitazama njia nyuma yetu.

"Na baba yako, hukumwona huko pwani?"

"Yuko nyuma, mama," baba akasema. "Mzigo wake mzito."

Nilifurahi mno. Jioni nilimtandikia babu mkeka, nikamtengea ugali, na hakuna aliyenikataza.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba baba hakuijua sura ya baba yake. Wangepishana sokoni Tanga wasisalimiane. Bibi alilijua hilo kuliko sisi sote. Alitaka tu amsikie mtu akisema kwamba babu anakuja.

Leo nami natamani mtu aniambie hivyo, juu ya Bibi na baba, wote wawili.