Chokaa Kwenye Gurudumu la Gari ya Mkunga

Siku niliyoanza kazi katika karakana ya serikali, mwaka 1964, sikupewa spana. Nilipewa gunia. Fundi Mkuu, mzee wa mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja ambaye hakuvua kofia yake hata akiwa chini ya gari, alilitandika gunia nyuma ya lori moja akaniambia nipige magoti.

“Shikamoo, Fundi,” nilisema.

“Marahaba. Usinitazame mie, itazame gari. Imesimama sawa?”

Nikajibu imesimama sawa.

“Ushaongopa, na hata saa moja hujamaliza hapa. Tazama tena.”

Nikatazama tena. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kwa upana wa kidole. Springi ilikuwa imechoka, na mimi nilikuwa nimesema sawa kwa sababu nilitaka kumridhisha mkubwa. Ugonjwa huo sikuuacha pale kwenye gunia, kama mtakavyoona.

Nayaandika haya kwa sababu mafundi wa siku hizi wananikera. Mtu kagonga ukingo wa barabara, anakuja na gari yake, fundi anaipiga tairi teke na kusema, “Haina kitu, mzee, nenda.” Haina kitu! Umelala chini? Umeshika nini? Gari ikigonga ukingo, tairi ndiyo inayoonekana, lakini pigo halikai kwenye tairi. Linapita kwenye ringi, linaingia kwenye ekseli na kwenye tairodi, yaani ule mtaimbo unaoyafanya magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja, kisha linakwenda kuvunja kitu usichokiona.

Sisi tulifundishwa kwanza kuitazama gari kwa nyuma, mbali kidogo. Halafu unaipandisha jeki. Unalishika gurudumu juu na chini unalitikisa. Likigonga, kuna kilicholegea kwenye beringi. Unalishika kushoto na kulia. Likicheza, tazama tairodi. Mwisho unachukua uzi, unapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, upande huu na upande ule. Uzi ukipishana, ekseli imehama. Na Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja ambayo hakumsamehe mtu: fundi anayesema gari ni nzima, yeye ndiye atakayepanda kiti cha mbele safari ya kwanza.

Nilifanya naye kazi mpaka nikaaminiwa, kisha nikapelekwa shamba kutengeneza matrekta kwa miaka miwili. Niliporudi mjini, majumba marefu ya Michenzani yalikuwa yanajengwa, barabara zimepanuliwa, na Fundi Mkuu alikuwa keshastaafu. Juu yetu aliwekwa Msimamizi wa Magari, mtu wa suruali zilizopigwa pasi, asiyejua springi inakaa wapi. Alitutaka tumwite Ndugu, naye akatuita “nyinyi”.

Jumatatu moja asubuhi alinijia dereva wa gari ya mkunga. Alikuwa Mtumbatu, jina lake Makame, mtu mpole aliyekuwa akiifuta gari ile mpaka ndani ya milango. Kila wiki alimpeleka Bi Mwanakheri, mkunga, Kizimkazi na Bwejuu, kwenye njia za mawe matupu.

“Fundi, hebu nitazamie hii. Inavuta kushoto,” alisema. “Jumamosi mchana nlimkabidhi Msimamizi ufunguo, gari nzima. Nlikwenda Tumbatu mazikoni, nnarudi naikuta hivi. Bi Mwanakheri anangoja.”

Nje gari ilikuwa imeoshwa iking'ara. Nikatandika gunia langu. Nilipoitazama kwa nyuma tu niliona imekaa upande. Nikapima kwa uzi: kushoto pungufu kwa vidole viwili. Nikaingia chini. Bolti ya katikati, inayoyafunga mabapa ya springi na kuishika ekseli mahali pake, ilikuwa imekatika. Shimo moja kubwa njiani, na gurudumu lingeondoka na usukani wake.

Na ndani ya ringi, pale ambapo kitambaa cha kuoshea hakikufika, palikuwa na chokaa nyeupe, mpya.

Nikaelewa mara moja. Kingo zote za barabara mpya zilipakwa chokaa kwa mara ya kwanza Jumamosi jioni. Tulizipaka wenyewe, kazi ya kujitolea, na Msimamizi alisimama akatuhesabu. Makame wakati huo alikuwa keshavuka bahari kwenda kwao kisiwani. Aliyekuwa na ufunguo Jumamosi usiku na Jumapili alikuwa mmoja tu.

Alikuja nikiwa bado chini ya gari.

“Andika nzima, iondoke,” alisema.

“Haiwezi kuondoka, Ndugu. Ekseli imehama. Kama ni nzima, panda wewe mbele mie niendeshe, twende mpaka Kizimkazi.”

Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasema, “Basi kaivunja dereva. Jumamosi asubuhi, kabla hajanikabidhi.”

Nikamwonyesha chokaa. Nilinyoosha kidole tu. Akainama na suruali yake ya pasi, akatazama, akasimama.

“Hiyo futa,” alisema. “Ama unataka na wewe ukaulizwe maswali?”

Nyinyi vijana mnaosoma haya hamjui neno “kuulizwa” lilikuwa na uzito gani siku zile: mtu aliitwa kuulizwa, asirudi nyumbani. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Nasema hivyo si kwa kujitetea, maana sina utetezi. Nilichukua kitambaa, nikakichovya kwenye petroli, nikafuta. Nilifuta vizuri sana, kama nilivyofundishwa kufanya kila kazi.

Siku ya tatu Mkuu wa Idara alituita ofisini kwake. Makame alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Fundi, umeona nini?” Mkuu aliniuliza.

“Bolti ya springi imekatika kwa kugonga ukingo.”

“Na kitu chengine?”

Makame alinitazama. Msimamizi alikuwa anatazama dirisha.

“Hapana, Mheshimiwa,” nilisema.

Makame alivuliwa udereva siku ile ile, akawekwa langoni kufungua na kufunga. Dereva bora katika kisiwa kizima, anafungulia wengine geti! Na yule Msimamizi akapandishwa cheo. Mpaka leo hasira haijaniisha. Namkasirikia yeye, namkasirikia Mkuu aliyeuliza swali moja akaridhika, na zaidi ya wote hao naikasirikia mikono yangu hii. Kwenye gari nilisema kweli, kwa sababu sheria ya mzee ingenipandisha kiti cha mbele. Kwenye jina la Makame hapakuwa na kiti changu, nikasema uongo.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Kila asubuhi alinifungulia lango na kunisalimu, nami nikapita haraka haraka.

Siku niliyostaafu nilitoka na gunia langu limekunjwa kwapani. Makame, mvi tupu, alikuwa bado pale langoni. Nikasimama. Nikamwambia kuna jambo la zamani nataka kumwomba radhi, la gari ya mkunga.

“La chokaa?” aliuliza.

Nikaliweka gunia chini.

“Nliiona kabla yako, fundi. Alfajiri ile nliinama nikaiona. Ningeweza kuwaita watu waje watazame, lakini nani angemsikiliza dereva? Wangesema nimeipaka mwenyewe. Nikasema niiache hapo hapo, nimpelekee fundi. Yeye neno lake linaaminika.”

Akanifungulia lango.