Mfiwa Hashiki Mwiko

Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Makadara, mtu akifiwa naitwa mimi kabla ya pasta. Sijui ilianzaje. Pengine ni kwa sababu nina sufuria kubwa ya kupikia umati, na mikono ya kusonga ugali wake bila kupumzika. Mimi ndiye najua kuni ziwekwe wapi mvua ikinyesha, na kina mama gani wasiwekwe jiko moja. "Huyu mama ni chuma," watu husema, na mimi nilipenda kusikia hivyo, sikatai.

Halafu mama yangu akafa.

Aliishi nami tangu baba afariki, akilala chumba kimoja na wasichana wangu na kulalamika kwamba chai ya Nairobi ni maji matupu. Alifia hospitali alfajiri. Kufikia jioni majirani na watu wetu wa magharibi walikuwa wamejaa uani, kwa maombi na kupanga safari ya kumpeleka nyumbani. Sebuleni godoro lilikuwa limetandikwa sakafuni, kama ilivyo desturi yetu, ili mfiwa aketi na wanawake wenzake wamzunguke. Sikukaa sana. Mama mmoja wa kanisani aliniinamia sikioni. "Pole sana, mama. Chumvi iko wapi?"

Nikamwonyesha. Mwingine akaja kuulizia ile sufuria, na kabla sijamjibu nikasikia kwamba unga hautatosha. Basi nikainuka, nikafunga leso kiunoni, nikaenda uani kusonga ugali wa matanga ya mama yangu mwenyewe. Na hakuna aliyeona ajabu. Walipita wakinigusa bega, "Jikaze, wewe ni chuma." Chuma gani? Hata chuma hushika kutu. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuipindua ile sufuria na maji yake yanayochemka, lakini mkono ulishazoea, ukaendelea kutia unga. Tangu hospitalini sikuwa nimetoa hata chozi. Nikaogopa kwamba tutafika nyumbani, tutamzika, tutarudi, na mimi bado sijamlilia mamangu.

Ndipo akaja jirani wa mlango wa pili. Mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya kamba ya kuanika nguo, hadithi ndefu na ya kijinga. Ni mwanamke mwembamba, hana maneno mengi, na ploti nzima inajua hajui kupika. Akaniangalia, akaangalia moto.

"Nani amefiwa hapa?" akauliza.

"Mimi."

"Na nani anapika?"

Nikatia unga mwingine.

"Lete huo mwiko."

"Utaunguza," nikamwambia.

"Nitaunguza, na watakula hivyo hivyo. Mfiwa hashiki mwiko."

Akaninyang'anya, akampa mwanamke aliyekuwa karibu. Akanishika mkono akanirudisha ndani, akaniketisha kwenye godoro, akanifungua leso kiunoni na kunifunika nayo mabegani. Hapo ndipo kilio kilipotoka. Nililia mpaka nikalala kifudifudi, nikimwita mama kama mtoto aliyepotea sokoni. Yule mama wa kanisani akaanza, "Jikaze, watoto wanakuona." Jirani yangu alikuwa ameshafika mlangoni, akirudi jikoni. Akageuka.

"Wacha wamwone," akasema. "Amefiwa na mamake."

Ugali ulikuja na madonge, upande mmoja umeungua. Sukuma wiki haikuwa na chumvi hata kidogo. Uani nikasikia wanawake wakiulizana chumvi imewekwa wapi, wakifungua kopo hili na lile, wakilaumiana. Nikavuta leso hadi kichwani nikaendelea kulia. Hakuna aliyekuja kuniuliza.