Mchungaji Chini ya Mwaloni

Traugott Helbig alikuwa mchoraji wa mabamba ya shaba ya kuchapia picha katika mji mdogo wa Saksonia, enzi zile wenye nafasi zao walipopenda kutundika ukutani picha za magofu na tufani. Wenzake wakiona wingu jeusi hukimbilia ndani. Yeye huchukua kofia akatoka.

Siku moja ya Agosti alimkuta Veit, mchungaji wa kondoo, mlimani chini ya mwaloni mkubwa, ngurumo zikikaribia.

"Bwana Helbig, mimi nashuka. Mvua hii haina utani."

"Subiri kidogo, Veit. Koti lako linapepea vizuri mno. Ukiondoka, mti unabaki mti tu."

Veit alicheka, akasimama. Punde akasema tena kwamba kondoo wanahangaika. Helbig, macho kwenye karatasi, akamwambia asiwe mwoga kama bibi harusi. Radi ikapiga. Helbig aliinuka matopeni mzima wa afya, Veit hakuinuka.

Kijiji kizima kilisema ni kazi ya Mungu, na Helbig hakubisha. Hilo ndilo lililomla. Alichora yote kwa sindano juu ya nta iliyopakwa kwenye bamba, akalitia kwenye asidi hadi ikachimba kila mstari: mvua, matawi, koti. Haikupata kutoka mikononi mwake picha bora kuliko ile. Watu walipoisifu mezani, aliacha supu yake akaondoka.

Majani yalipoanza kupukutika alikwenda kwa Rosine, mjane wa Veit, na picha moja aliyoichapa. Alieleza yote akiwa mlangoni.

"Alikwambia anataka kushuka?"

"Mara mbili."

"Nawe ukamtania."

"Nikamtania."

Rosine aliitazama picha. Helbig akaahidi kwamba atalisugua bamba, amfute yule mtu, abaki mti peke yake.

"Umfute tena? Sina sura yake nyingine duniani. Mwache hapo." Kisha, bila kumkaribisha kiti: "Kondoo wake wako juu bado, na jirani amechoka kunisaidia. Nenda kawashushe."

Akaenda. Hakujua kuswaga, walimtawanyikia huku na huku, akafika amelowa chapachapa. Kesho yake akarudi kuwapandisha malishoni na kuwashusha, na siku zilizofuata pia, hadi theluji ikafunga malisho. Rosine alimpa mkate mweusi na chumvi. Neno la msamaha hakulitamka, wala Helbig hakuliomba.