Bibi Aliyepanda Keria Yangu Njia ya Masii

Najua mtasema jua la Machakos lilinipiga kichwani. Semeni tu. Mimi niko na uzi wa katani nyumbani, na kila anayebisha namwonyesha.

Vijana wa kwetu tuliamua kuweka vibao vya kuongoza waendesha baiskeli wa matembezi, wale wanaotoka mji hadi mji kwa siku kadhaa bila haraka. Kibao cha kijani, picha ya baiskeli, mshale, basi. Njia ilianza Machakos mjini, ikapita mbele ya boma letu, ikaenda Masii na kuendelea hadi Ndithini. Mama alishapaka chumba kimoja chokaa, akashona na mapazia, akingojea wageni wa kulala.

Shida ilikuwa kilima cha mawe kabla ya Masii. Kila aliyejaribu alishuka akasukuma. Mutua, kiongozi wetu, akaniambia, "Bosi, hiyo njia yako ni ya mbuzi. Kesho tunahamishia vibao kwenye lami."

Lami haipiti kwetu. Sasa mama ningemwambia nini?

Ilikuwa siku ya soko. Mchana huohuo nikachukua baiskeli yangu ya kubebea maji, yenye keria pana, nikaenda kutafuta pa kuzungukia kilima. Nilipofika chini yake, baiskeli ikawa nzito ghafla. Nikadhani ni pancha. Nikaangalia gurudumu: limejaa upepo.

"Twende, soko litaisha," sauti ya bibi ikasema nyuma yangu.

Jua lilikuwa mgongoni, kivuli changu kimelala mbele. Niliona kichwa changu, usukani, magurudumu. Kwenye keria, hakuna mtu. Na bado, niamini, kiwiko kilikuwa kinanidunga mbavuni, kile kiwiko cha mama zetu wanaosuka kiondo, kikapu cha katani, huku wakisafiri. Ningekimbia? Shingo ilikataa kugeuka, miguu ikakubali kukanyaga pedali tu.

"Unaenda wapi, susu?" nikauliza. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba.

"Swali gani hilo siku ya soko? Pita kushoto."

"Kushoto ni vichaka."

"Vichaka vya juzi hivyo. Mimi nilipita hapa mama yako hajaota meno. Na usikanyage kama mtu anayetwanga mahindi ya muthokoi, unaniharibia kiondo."

Nikaingia kichakani macho nimefumba. Nilipofumbua, tulikuwa kwenye kijia laini kinachozunguka kiuno cha kilima. Njiani akanilaumu kwa wembamba wangu, akauliza kama nimeoa. Nikasema bado. Akacheka hadi baiskeli ikayumba, na mimi nikajikuta nacheka. Utamwogopaje mtu anayecheka hivyo?

Mabati ya Masii yalipoonekana, baiskeli ikawa nyepesi. "Ni muvea, mwanangu," akanishukuru. Ndipo nikageuka. Hakuna mtu. Ila uzi wa katani ulikuwa umefungwa kwenye keria, umenyooka nyuma kufuata kijia chote tulichopita.

Sokoni nikamsimulia mama mmoja mzee anayeuza nyanya. Hakuacha hata kuzipanga.

"Huyo ni Kalondu," akasema. "Alipenda hiyo njia ya wanawake wa zamani. Alifariki mimi nikiwa msichana, kiondo chake hakijaisha. Alikuambia umekonda?"

"Ndiyo."

"Basi ni yeye."

Kesho yake nikampeleka Mutua. Uzi ulikuwa bado pale. Akaendesha kando yake hadi Masii bila kuweka mguu chini, kisha akaitisha nyundo. Vibao vyote tulivipigilia kufuata ule uzi. Wageni wanakuja, na mama sasa anapaka chumba cha pili.

Kwa hivyo wewe unayepanga kuja, nisikilize. Pale mshale unapokata kushoto, baiskeli ikiwa nzito, usishuke wala usigeuke. Msalimie, ukanyage polepole. Wenye baiskeli nyembamba zisizo na keria hupata pancha hapo kila mara, na mimi nawazibia nikijua sababu: nyanya wa watu amekosa pa kukaa. Funga keria. Weka na kamto.

Na akikuuliza kama umeoa, sema ukweli. Safari ya pili mimi nilimdanganya, tukaishia mtaroni, mimi na baiskeli. Yeye nilimsikia huko juu akicheka, akiendelea zake sokoni kwa miguu.