Kapu Kati ya Viti Viwili

Katika chumba cha washonaji cha kiwanda kimoja cha viatu kule Kumla, Uswidi, kati ya kiti cha Tyra Lindqvist na kiti cha Svea Hjort palikuwa na kapu la ngozi za kushonwa. Tyra alishona bitana, Svea akaunga kisigino. Aliyemaliza zake mapema alinyoosha mkono, akachota za mwenzake. Hakuna aliyeomba, wala aliyeshukuru. Mtoto wa Svea alipougua surua, na mama mtu akawa anasinzia juu ya cherehani, Tyra alishona za watu wawili. Na viungo vya vidole vya Tyra vilipoanza kuvimba, ikawa zamu ya Svea. Alichota huku akimsema mchungaji na mkewe, kana kwamba mkono wake umepotea njia tu.

Hivyo ndivyo kazi ilivyosawazishwa wakati huo. Hakuna aliyelipwa mshahara kwa kuisawazisha.

Kisha akaletwa mhandisi kutoka Stockholm, Bwana Ahlgren, mtu mpole mwenye viatu visivyojua tope. Alikuja kufunga mkanda wa kupitisha kazi kutoka kiti hadi kiti. Lakini kwanza alitaka kumpima kila mshonaji kwa saa, ili wote wagawiwe mzigo ulio sawa.

Wanawake walijua dawa ya saa.

"Akisimama nyuma yako, shona kama umebeba supu ya moto," Svea aliwaambia wakinywa kahawa.

"Isiwe supu yako tu, Svea," mmoja alidakia. "Hiyo hata ikimwagika hakuna wa kulia."

Wakacheka. Tyra naye alicheka. Ila asubuhi ya kupimwa aliloweka mikono katika maji ya moto mpaka ikawa myekundu, akameza vidonge vya maumivu vya mumewe. Wenzake wakienda polepole wataonekana wajanja. Yeye akienda polepole, aliwaza, mhandisi ataona vidole, na kiti chake kitakuwa kimekwenda. Basi saa ilipoanza kulia nyuma ya sikio lake, alishona kama msichana aliyeajiriwa jana.

"Hongera, Bi Lindqvist," alisema mhandisi. "Humu ndani hakuna mwepesi kama wewe."

"Ni mazoea tu, bwana mhandisi."

Svea alingoja mpaka ameondoka. "Umefanya nini, Tyra?"

"Sikutaka aione mikono yangu."

"Haya. Sasa ameona miguu ya farasi."

Mkanda ulifungwa. Kwa kuwa saa ilisema Tyra ana nafasi, aliongezewa kazi ya kushona ukingo. Svea naye alijazwa mpaka akakosa hata wasaa wa kumsema mchungaji. Kwenye karatasi za mhandisi mizigo yote ilikuwa sawa, na kapu likaondolewa kwa kuwa lilikuwa linaziba njia.

Ngozi zikaanza kurundikana mbele ya Tyra. Waliomfuata kwenye mkanda walingoja mikono mitupu, na kwa kuwa malipo sasa yalikuwa ya kundi zima, yalishuka kwa wote. Mwanzoni walitania: "Tyra, huku tufume sweta?" Baadaye wakaacha kutania, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku moja Svea alinyoosha mkono akachota ngozi kutoka kwenye rundo lake.

"Kila mtu na sehemu yake, Svea," msimamizi alisema.

"Nilikuwa nanyoosha mgongo."

"Basi unyooshe kwako."

Jioni moja, penye misumari ya kutundikia makoti, Svea alisimama mbele ya Tyra.

"Tyra, wenzetu wamenituma."

"Wamekutuma wewe?"

"Wanasema mimi utanisikia." Svea alitazama sakafu. "Labda uombe kule kwenye jiko la kahawa. Kule hakuna haraka."

Tyra alikuwa akihangaika na kifungo cha koti. Kilikataa kuingia. Mkono wa Svea uliinuka kumsaidia, Tyra akageuka upande.

"Niambie wamenipa mpaka lini."

"Ijumaa."

Kule jikoni hakuomba. Ijumaa aliondoka kiwandani.

Miezi ikapita. Jumapili moja Svea alikuja na mikate ya mdalasini. Walikunywa kahawa, wakamsema mchungaji, na habari za kiwanda zikaachwa zilivyo. Tyra alikuwa na soksi mapajani, anamfumia mumewe Evert tangu kiangazi. Katikati ya maneno Svea aliichukua, akafuma mzunguko baada ya mzunguko, asiitazame, kisha akairudisha mahali pake. Tyra akamwacha.

Mgeni alipoondoka, Tyra aliosha vikombe. Halafu akakaa dirishani, akachomoa sindano, akavuta uzi taratibu mpaka akafikia mishono yake mwenyewe, iliyolegea na kwenda upande.

"Mbona unafumua?" Evert aliuliza. "Ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa ya Svea."

Akaanza upya, akisimama kila mara kujisugua vidole. Theluji ilipoanguka, mpya ikiwa bado sindanoni, Evert alivaa soksi zake za zamani.