Kuhamia Kasulu na Mjamzito Aliyezuiwa Njiani

Mwenye kuwajibika kwa yaliyotupata ni mkuu wa zamu wa kizuizi kimoja cha barabarani kati ya Kibondo na Kasulu. Nalitamka hilo mwanzoni ili msomaji asije akadhani namlaumu dereva, au barabara, au mkamwana wangu. Dereva alikuwa mwingi wa maneno lakini kazi yake aliijua. Barabara siku hizi ni nzuri. Na mkamwana wangu hakutenda kosa lolote, isipokuwa kulelewa vizuri na wazazi wake.

Sababu ya kuhama ilikuwa moja. Spesioza, mke wa mwanangu Yohana, alikuwa mjamzito, na kipimo kilionyesha kwamba mtoto ana mgongo wazi: uti wa mgongo haukufunga, na kiunoni palikuwa na kifuko cha maji. Daktari alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba mama asiachwe apate uchungu. Mtoto atolewe kwa upasuaji, kisha apelekwe hospitali kubwa afungwe mgongo. Baadaye angehitaji kliniki ya mara kwa mara, pengine kwa miaka. Nyumba yetu ya Kibondo ilikuwa mbali na hayo yote. Tukakubaliana kuhamia Kasulu, karibu na hospitali ya misheni iliyoko Kabanga. Nilitumikia serikali kama katibu tarafa hadi kustaafu; nimehamishwa mara nyingi, na kuhama nakujua.

Siku mbili kabla yetu, mke wangu na Yohana walitangulia. Kwetu nyumba mpya haiingiliwi ikiwa baridi. Mama mwenye mji huenda kwanza akawasha moto jikoni. Hivyo ndivyo nilivyobaki mimi na Spesioza kusafiri na vyombo.

Asubuhi ya safari, lori lilifika mapema. Dereva, kijana aitwaye Hamisi, alitazama rundo la vitu uani akashika kiuno.

"Shikamoo mzee. Hii ni nyumba moja au mmehamisha kata nzima?"

"Marahaba. Pakia kinu kwanza, na godoro liwe juu."

"Na shemeji?"

"Atakaa mbele, dirishani. Na wewe utaendesha kama umebeba mayai."

"Mzee, mimi hata nyanya hazijawahi kuchubuka."

Tuliondoka jua likiwa bado chini. Migomba ya Kibondo ilibaki nyuma, kisha miombo mirefu ikaja pande zote mbili, na vijiji vyenye mihogo iliyoanikwa juu ya miamba. Spesioza aliegemea mlango, mkono mmoja tumboni. Aliongea kidogo, kama kawaida yake mbele yangu. Nilifurahi kuona hasumbuliwi na mtikisiko.

Njiani tukakuta kizuizi. Sina ugomvi na vizuizi. Mkoa wetu una mpaka na una kambi, na ukaguzi ni halali. Mkuu wa zamu alikuwa kijana kutoka mbali na Kigoma, nguo zake zimenyooshwa vizuri. Alimsalimu Spesioza, akasikiliza alivyoitikia, akazunguka lori lote.

"Mnahamisha wakimbizi, mzee?"

"Nahamisha familia yangu."

"Godoro, vyungu, mwanamke mjamzito, na lafudhi ya ng'ambo. Hivi ndivyo wanavyotoka kambini."

"Afande, hivi ndivyo anavyotoka kila anayehama," Hamisi alidakia. "Au ulitaka tuhame bila godoro?"

"Wewe dereva, utalala hapa."

Naomba ieleweke. Wazazi wa Spesioza walikuja kutoka Burundi wakiwa wakimbizi, wakapewa uraia wa Tanzania kwa sheria ya nchi hii. Yeye alizaliwa hapa, akasoma hapa. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akitaka kuvitenganisha kwa sikio, itambidi akamate nusu ya soko la Kasulu. Spesioza alitoa kitambulisho chake cha taifa. Akajibiwa kwamba vitambulisho siku hizi vinaghushiwa. Akatoa barua ya daktari.

"Hii ni ya daktari," alisema ofisa akimrudishia. "Mimi nina maswali yangu."

Akamketisha kwenye kibanda, nami nikaamriwa nisimame kwenye nguzo, mbali kidogo, lakini nikisikia kila neno. Aliulizwa shule aliyosoma, akajibu. Jina la mumewe, akajibu.

"Na huyu mzee ni nani kwako?"

"Ni databukwe." Akajirekebisha kwa Kiswahili: "Ni baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

Kwetu Buha, nchi ya Waha, na kwa wazazi wake vilevile, mkamwana halitamki jina la baba mkwe. Si woga, ni heshima, naye huilinda hadi kaburini. Mke wangu mpaka leo humwita marehemu baba yangu "mwenye mji". Ofisa huyo alikuwa amepangiwa kazi katikati ya watu hawa, naye hakuona haja ya kujua hata hilo.

"Ni babu wa huyu," Spesioza alisema hatimaye, akigusa tumbo lake.

"Sikuuliza ukoo. Nimeuliza jina."

"Siwezi kulitaja."

"Huwezi, au hulijui?"

Nikaondoka pale nguzoni. "Kijana, mimi ndiye..."

"Mzee, rudi! Ukijitaja wewe, nitajuaje kama yeye alikuwa analijua?"

Lazima nikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na mantiki, na ndiyo iliyonikera zaidi. Nilimweleza mila yenyewe kwa utulivu, nikiwa nimerudi nguzoni. Alisema kila mkimbizi ana mila. Niliomba aongee na Yohana kwa simu; akasema simu haina sura.

Magari mengine yalipita. Kivuli cha kibanda kilihama kutoka miguuni mwa Spesioza hadi upande wa pili. Hamisi, ambaye hakujaliwa kukaa kimya, alimwita ofisa kutoka juu ya bampa.

"Afande, ukienda ukweni, mama mkwe wako unamwamkia kwa jina lake la ubatizo?"

Wenzake wawili walicheka. Yeye hakucheka.

Mchana ulipokolea, nilimwona Spesioza akishika kiuno na kuinama. Akanyanyuka, akainama tena. Nikafahamu kwamba jambo ambalo daktari alikataza lilikuwa linaanza. Safari hii sikuomba ruhusa. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Mwanangu, nitaje. Nakuruhusu mimi mwenyewe."

"Data, baba yangu, msinilazimishe. Mbele za watu?"

"Mtoto kwanza. Nitaje."

Uchungu mwingine ulimpata. Alivuta kitenge akafunika kichwa na uso, akageukia ukuta wa kibanda, akalitamka jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Ofisa alilinganisha na kitambulisho changu, akatabasamu.

"Nikodemu Ruhuza. Si ungesema tangu asubuhi? Haya, pitisheni lori."

Kuanzia hapo Hamisi aliendesha kwa haraka ambayo asubuhi ningeikataza. Makere tuliipita, mji wa Kasulu tuliupita bila kusimama, tukaingia geti la hospitali Kabanga tukiwa na kinu, makabati na magodoro yetu.

"Mzee," mlinzi alisema, "vitanda tunavyo, hakuna haja ya kuja na vyenu." Kisha akamwona Spesioza, akakimbia kuita wauguzi.

Jioni hiyohiyo alifanyiwa upasuaji. Alizaliwa mtoto wa kike, akalia. Kifuko cha mgongoni kilikuwa kimeanza kuvuja. Kesho yake gari la wagonjwa lilimchukua pamoja na mama yake kwenda hospitali kubwa ya kanda, na huko wakamfunga mgongo. Mguu wa kushoto anaurusha vizuri. Wa kulia bado. Nilimuuliza daktari kama ule mguu ni matokeo ya kucheleweshwa. Alisema hawezi kuthibitisha. Kwa hiyo nami sithibitishi. Nasema tu kwamba uchungu ambao daktari aliandika usianze ulianzia kizuizini.

Kasulu, vyombo vyetu vililala juu ya lori. Mwenye nyumba, Bwana Athumani, muuza vitambaa ambaye mababu zake walitoka pwani, alikuwa akitusubiri mlangoni tangu adhuhuri. "Poleni sana, mzee wangu. Nyumba haikimbii, mgonjwa kwanza," alisema, na asubuhi akaja na majirani wakashusha kila kitu. Ndani, moto wa mke wangu ulikuwa ukiwaka.

Wiki iliyofuata nilirudi Kibondo kukabidhi nyumba ya zamani. Kizuizini nilikuwa peke yangu na Hamisi, tukapungiwa mkono tupite. Nikamwambia Hamisi asimame. Nilimkuta mkuu wa zamu yuleyule.

"Mzee! Yule binti alijifungua?"

"Nimekuja kuuliza ulimzuia kwa kifungu gani."

"Ni utaratibu tu, mzee."

"Utaratibu upi?"

"Wa kawaida."

Nilisimamia taratibu maisha yangu yote ya kazi. Nilichojifunza safarini ni kwamba utaratibu usiojua watu unaowahusu humwadhibu yule mwenye adabu na kumpitisha yule asiye nayo. Mwongo angekuwa amelikariri jina langu, akalitaja na kupita asubuhi.

Spesioza amerudi kutoka hospitali ya kanda na mtoto. Nyumba ni nzuri, maji yapo uani. Lakini nikiingia sebuleni yeye hutoka. Chakula changu hukileta mke wangu. Anasema amenivunjia heshima mbele ya watu, na hajui atanitazama kwa macho gani. Nimemtumia ujumbe kupitia kwa mama yake mkwe kwamba hana deni kwangu. Bado hutoka.

Kwa hiyo, kutoka kwa mamlaka iliyomweka ofisa huyo barabarani, nadai yafuatayo. Ieleze kwa maandishi ni sheria gani inayoruhusu kitambulisho cha taifa na barua ya daktari kukataliwa kwa sababu ya lafudhi. Ieleze ni nani aliyepima hatari ya mjamzito yule kabla ya kumketisha pale. Na ofisa mwenyewe aje Kasulu, mchana, majirani wakiwepo, amwombe radhi Spesioza. Kwa kuwa aliaibishwa hadharani, asiombwe radhi kwa barua. Sidai fidia. Nadai jibu, na nadai liwe na sahihi ya mtu.