Nusu ya Kioo

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha mafuta ya pamba, Musoma, Fundi Mkuu alinipeleka moja kwa moja kwenye boila, tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke. Ubavuni lilikuwa na bomba jembamba la kioo la kuonyesha kina cha maji.

"Kila zamu, kabla ya salamu, fungua koki ya chini ya kioo umwage maji yake. Maji yakirudi kwenye kioo, yaamini. Yasiporudi, mwite Mungu wako."

Yeye Mwislamu, mimi Mkristo. Alipenda kunitania hivyo.

Nilimtii miaka mingi, hadi nilipopelekwa kwa muda kuchambua pamba Bunda. Niliporudi, vipuri vilikuwa vimeadimika. Koki ikawa inavuja, nikaogopa kuigusa isikatike. Nikabaki kutazama kioo tu. Kilionyesha nusu, nikaridhika.

Asubuhi moja nilihisi joto lisilo la kawaida, nikaifungua koki. Maji yakamwagika, hayakurudi. Ukoko wa chumvi ya maji ulikuwa umeziba njia ya kuingia kwenye kioo. Nusu niliyoiona siku zote ni maji yaliyonaswa. Boila ilikuwa tupu, moto unawaka. Nikakimbilia swichi ya pampu niingize maji. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika. Nikapiga magoti, nikaomba urudi.

Fundi Mkuu aliingia, akazima swichi. Akaagiza wanawake wapepeta mbegu, ng'ambo ya ukuta, watoke nje wapumzike. Tukachota makaa yote. Kisha akakaa sakafuni.

"Chuma kilikuwa kimeiva. Yangeingia maji baridi, ingepasuka na sisi. Pale chini ulikuwaga unaomba nini?"



Baadaye kiwanda kiliuzwa, tukapunguzwa. Nikamalizia utumishi kwenye boila ya kufulia mashuka, hospitali moja Butiama. Mungu amenilinda kote huko, lakini siku ile bado inanitetemesha: alinihurumia kwa kuninyima nilichomwomba.

Nilipostaafu nilisimama kanisani Mukendo, nikamshukuru Mungu kwa umeme kukatika. Watu wakacheka.

"Basi mtaa huu tumebarikiwa mno, mzee," alisema Mama Rhobi wa kwaya.

Nikaeleza yote. Nilipofika kwa wapepeta mbegu, Mama Rhobi aliacha kucheka. Alikuwa mmoja wao, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia.

"Ile siku mliyotupumzisha?" aliuliza taratibu. "Rhobi nilikuwa nimembeba mgongoni."